I Am Legend: Mwisho Uliopigiwa Kura

Dakta Alice Krippin anahojiwa kwenye televisheni. Anaeleza kwa upole, bila majigambo, kwamba yeye na wenzake wamekichukua kirusi cha surua na kukirekebisha maabara, ili badala ya kuudhuru mwili kiutibu. Anatoa mfano wa gari la kasi linaloendeshwa na mhalifu: mtoe mhalifu, mweke polisi kwenye usukani, na gari lilelile litafanya kazi nyingine. Mtangazaji anamuuliza wamewajaribu watu wangapi. Watu 10,009. Na waliopona saratani ni wangapi? Ni 10,009. Kwa hiyo mmepata tiba ya saratani? Daktari anasita kidogo, anatabasamu kama mtu anayeona haya kusifiwa, kisha anakubali.

Picha inakatika papo hapo. Maandishi yanatuambia imepita miaka mitatu. Tunaiona New York kutoka juu, majani yameota katikati ya lami, magari yametelekezwa foleni nzima, na hakuna binadamu anayepita.

Hakuna aliyetueleza kilichotokea, wala hatuhitaji kuelezwa. Tabasamu la daktari na ukimya wa jiji vimewekwa bega kwa bega, na mtazamaji ameshapiga hesabu mwenyewe. Ni filamu chache za kutisha zilizowahi kuanza kwa ustadi huu. Ni chache vilevile zilizojiharibia namna hii katika dakika kumi za mwisho. Nazungumzia I Am Legend, iliyoongozwa na Francis Lawrence na kuingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 14 Desemba 2007, Will Smith akiwa karibu peke yake kwenye skrini. Makala hii itasema kila kitu kuhusu mwisho wake, na zaidi ya hapo itasema kuhusu mwisho mwingine uliofichwa. Ambaye hajaitazama na anataka kuitazama bila kujua, aliweke gazeti pembeni kwanza.

Jiji lile si la kubandika studio. Lawrence na watu wake walifunga mitaa halisi ya Manhattan kuanzia mwishoni mwa 2006 hadi mapema 2007, wakapanda magugu barabarani, na mengine wakayaongeza kwa kompyuta. Wenyeji waliofungiwa njia walinuna, na walikuwa na haki ya kununa. Kwa tukio la watu kuhamishwa kupitia Daraja la Brooklyn, upigaji picha ulichukua usiku sita wa Januari, ukahitaji vibali vya taasisi 14 za serikali na watu wapatao 1,000 wa kujaza umati, 160 kati yao wakiwa askari wa Walinzi wa Taifa. Tukio hilo peke yake lilikadiriwa kula dola milioni 5, katika filamu ya dola milioni 150. Fedha zinaonekana. Lakini kinachoifanya sehemu hii itishe ni vitu vya bure: ndege wanalia, upepo unavuma, na sauti ya injini ya gari moja inasikika kutoka mitaa mingi mbali kwa sababu hakuna sauti nyingine ya kushindana nayo.

Robert Neville, daktari wa jeshi na mtaalamu wa virusi, anaamini ndiye mtu wa mwisho jijini. Yuko na mbwa wake, Sam. Mchana anawinda kulungu kwa gari jekundu la Mustang, na pale Times Square simba jike anamzidi ujanja na kuchukua mnyama aliyekuwa amemlenga. Kila siku saa sita mchana anakwenda gatini kumngoja yeyote aliyesikia tangazo lake la redio. Anakwenda kwenye duka la kukodisha video, ambako amezipanga sanamu za kuvalisha nguo kana kwamba ni wateja, anazisalimia kwa majina, na kuna sanamu ya kike ambayo anaogopa kuizungumzisha, kama kijana anayemwonea haya msichana wa jirani. Saa yake ya mkononi inalia jua likikaribia kuzama. Anarudi nyumbani mbio, anamwaga dawa ngazini ili kuua harufu ya nyayo, anafunga vizuizi vya chuma kwenye kila dirisha. Usiku unapoingia na kelele kuanza huko nje, daktari wa jeshi la Marekani analala ndani ya hodhi la kuogea akiwa amemkumbatia mbwa na bunduki.

Dakika zote hizo hatujaona hata jini moja.

Kwetu, filamu ya namna hii ina shida yake ya pekee. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanajua kwamba picha ya kigeni ilikuwa na wasimulizi wawili: aliyeitengeneza na anayeitafsiri juu yake, kama marehemu Lufufu kule Dar es Salaam au DJ Afro huko Nairobi. Msimulizi wa kibandani hujaza kila nafasi. Anamtaja steringi, anamtukana adui, anatabiri kipigo. Sasa mpe filamu ambayo steringi wake anazungumza na mbwa na masanamu, na ambayo kwa nusu saa adui hajulikani sura. Akijaza ukimya ule kwa maneno, ameua kilekile kinachotisha. Hofu ya sehemu hii inataka mtazamaji aachwe peke yake na Neville, asikilize naye.

Ukitaka kujua Lawrence alikuwa na uwezo kiasi gani, tazama tukio la jengo la giza. Kulungu anakimbilia ndani ya jengo, na Sam anamfuata. Neville anafika mlangoni, anasimama. Anamwita mbwa kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayetaka asikike na mmoja tu. Anajua kilichomo ndani, sisi hatujui, na uso wake unatuambia kwamba kila kanuni aliyojiwekea inamkataza kuvuka kizingiti kile. Anavuka. Mwanga wa tochi ya bunduki ni duara dogo, na nje ya duara hilo hakuna kitu. Anakuta damu ya kulungu sakafuni. Anasikia pumzi. Tochi inageuka taratibu, na pale kwenye chumba wamesimama watu kadhaa wasio na nywele, wamebanana kwa duara, wametupa migongo, wanahema harakaharaka kwa pamoja kama mashine. Hawajamwona. Neville anazima mwanga na kurudi nyuma hatua kwa hatua, pumzi yake mwenyewe ikimtetemesha.

Migongo tu, lakini tukio hilo linamgandisha mtu kuliko mapigano yote yanayokuja baadaye.

Kisha kinafuata kipande ambacho naomba msomaji akishike vizuri, kwa sababu kesi nzima imelala hapo. Neville anarudi kwenye jengo lile na kutega mtego: kamba, uzito wa gari, na kichupa cha damu yake mwenyewe kama chambo. Ananasa mmoja wa viumbe wale, mwanamke, ili ampeleke kwenye maabara iliyo chini ya nyumba yake na kumjaribia dawa. Anapomfunga, dume moja linajitokeza mlangoni. Mwanga wa jua unawaua viumbe hawa, unawababua ngozi mara moja. Dume lile linaingiza mwili wake kwenye mwanga, linaungua, linamkazia macho Neville na kunguruma, halafu linarudi kizani. Nyumbani, Neville anarekodi kumbukumbu zake za kitaalamu. Anasema kiumbe amejitia juani kwa sababu akili imezidi kudhoofika au njaa imezidi, na kwamba tabia za kibinadamu sasa zimetoweka kabisa.

Mtazamaji aliyewahi kupenda mtu anajua hapohapo kwamba daktari amekosea. Kiumbe yule hakuwa na njaa, alikuwa ameporwa mkewe.

Filamu inajua hilo pia, maana inaendelea kuleta ushahidi. Siku moja Neville anakuta sanamu mojawapo ya dukani, ile aliyoipa jina la Fred, imesimama barabarani mbele ya kituo cha treni cha Grand Central, mahali ambapo yeye hakuiweka. Anapagawa, anaifokea, anaifyatulia risasi, na anapoisogelea, tanzi linamkamata mguu na kumning'iniza kichwa chini. Ni mtego wa aina ileile aliyoitega yeye. Viumbe waliotoweka utu wamemchunguza, wameelewa upweke wake unakaa wapi, na wametumia kitu anachokipenda kama chambo, kama yeye alivyotumia damu. Jua linapozama, dume lilelile linaonekana kwenye mpaka wa kivuli, limeshika mbwa wagonjwa wanaongoja mstari wa mwanga ufutike.

Sam anaumwa katika purukushani hizo. Neville anamdunga dawa, anaketi naye sakafuni, anamkumbatia, anaona manyoya yakinyonyoka na macho yakibadilika. Mbwa anapogeuka kutaka kumng'ata, anamkaba mwenyewe. Kamera haimwonyeshi mbwa. Inabaki kwenye uso wa Will Smith mpaka mwisho, na mwigizaji huyu ambaye tumemzoea kwa utani na mbwembwe hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko dakika ile. Kesho yake anakwenda dukani, anasimama mbele ya sanamu ya kike, na kuisihi kwa machozi imjibu salamu.

Laiti umeme ungekatika hapo.

Filamu ina dakika 101, na hapo tumekwisha kuvuka saa moja. Kinachofuata kinaporomoka kwa ngazi tatu, ya kwanza ikiwa imeanza mapema kidogo, pale viumbe wale walipogeuka na kuonyesha nyuso. Mpango wa awali ulikuwa kutumia waigizaji waliopakwa na kuvalishwa ngozi bandia. Baada ya siku chache za kupiga picha, Lawrence aliona hawaaminiki, akaamua wachorwe kwa kompyuta. Matokeo yake ni mazimwi yenye ngozi laini ya plastiki, midomo inayofunguka kupita taya la binadamu, yanayoruka kama yasiyo na uzito. Jiji lina uzito, mbwa ana uzito, chozi la Neville lina uzito, na adui ni katuni. Ubaya wake haukuishia kwenye macho tu. Hadithi ilikuwa inataka tuone kwamba hawa ni watu wanaopenda na kuomboleza, na sura waliyopewa haina mahali pa kukaa huzuni.

Ngazi ya pili ni Anna. Mwigizaji wake, Alice Braga kutoka Brazili, hana kosa. Anamwokoa Neville usiku alipokwenda kujitafutia kifo, anamrudisha nyumbani, na asubuhi anamkaangia mayai na bekoni. Neville anafoka kwamba bekoni ile alikuwa anaitunza. Ni tukio zuri, la mtu aliyesahau kuishi na watu. Lakini Anna amekuja na jambo jingine: anasema Mungu amemwambia kuna kambi ya manusura huko Vermont. Neville anamjibu kwa hesabu. Dunia ilikuwa na watu bilioni 6, ugonjwa ukaua asilimia 90, milioni 12 tu ndio waliokuwa na kinga, na milioni 588 wakageuka kuwa hawa wanaotafuta watu usiku. Hakuna Mungu, anasema. Kuanzia hapo filamu inaacha kuuliza kuhusu viumbe na kuanza kubishana kuhusu imani, mada ambayo haikuwa imepandwa popote katika saa nzima iliyotangulia, isipokuwa kwa kijisentensi hapa na pale.

Ngazi ya tatu ndiyo ya mwisho wenyewe. Viumbe wanaifuata nyumba, wanavunja, na Neville, Anna na Ethan, mtoto aliyekuja na Anna, wanajifungia maabara nyuma ya kioo kizito. Mwanamke aliyetekwa yuko humo kitandani, na dawa imeanza kumfanya apone. Dume linajigonga kichwa kwenye kioo, tena na tena. Neville anapaza sauti kwamba anaweza kuwaokoa wote. Halisikii. Nyufa za kioo zinachora kitu kama kipepeo, Neville anakumbuka kipepeo ambacho marehemu binti yake alikuwa akikifanya kwa vidole, anaona kipepeo kilichochorwa kwenye ngozi ya Anna, na ghafla anaamini. Anachota damu ya mgonjwa, anamkabidhi Anna, anamficha yeye na mtoto kwenye shimo la zamani la makaa ya mawe, anashika guruneti, na kuwakimbilia adui. Mlipuko. Anna anafika Vermont, geti linafunguka, kuna bendera, kuna kanisa, kuna askari. Sauti yake inatuambia Neville alikufa ili dunia ipone, na kwamba hiyo ndiyo hadithi yake kuu.

Na lile dume lililojiunguza juani? Mtego wa Fred? Kauli ya daktari kwamba utu umetoweka, ambayo tuliona wazi kwamba si kweli? Vyote vimelipuliwa pamoja na maabara. Filamu ilikuwa imefungua kesi, ikaita mashahidi mmoja baada ya mwingine, kisha ikachoma faili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwisho wa awali ulikwisha kupigwa picha, na ulitolewa kwenye DVD ya mwaka 2008. Chumba ni kilekile, kioo ni kilekile. Lakini dume linapoacha kujigonga, linapaka kwa mkono kwenye kioo umbo la kipepeo. Neville anageuka na kumtazama mwanamke aliye kitandani. Ana mchoro wa kipepeo mwilini. Anaelewa walichofuata. Anaweka silaha chini, anafungua mlango, anamsukuma mgonjwa kwenye kitanda chake, anamwamsha. Dume linamwinamia, wanagusana nyuso. Neville anainua macho na kuuona ukuta wake mwenyewe, uliojaa picha za viumbe aliowajaribia dawa wakafa, safu kwa safu. Anaomba radhi. Dume linamngurumia usoni, halafu linaondoka na mke wake na watu wake. Neville, Anna na Ethan wanaondoka New York wakiwa hai.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa zimwi lilimjua Neville vilivyo, lilimjua hata kwa sanamu anayoipenda, na pamoja na yote lilimwacha. Asiyejua alikuwa yeye. Ule ukuta wa picha tuliupita mapema kwenye filamu bila kuutilia maanani, tukidhani ni kumbukumbu za mwanasayansi mwenye bidii. Kwa mwisho huu unageuka kuwa kitu cha kutisha kuliko mayowe yote ya usiku, na tunalazimika kuirudia filamu nzima kichwani: anayeingia majumbani mwao mchana wakiwa wamelala, anayewateka, anayewaua mmoja mmoja kwenye chumba cha chini ya ardhi, ni nani?

Hilo ndilo swali la kitabu. Richard Matheson aliandika riwaya ya I Am Legend mwaka 1954, na Neville wake, wa Los Angeles, hutumia mchana kuwachoma wanyonya damu vigingi moyoni. Mwishoni anakamatwa na jamii mpya ya wagonjwa waliojifunza kuishi na maradhi yao. Anachungulia dirishani, anaona umati ukimtazama kwa woga, na anaelewa kwamba kwao yeye ndiye jinamizi, ndiye watakayesimuliwa watoto ili walale. Jina la kitabu linapata maana yake hapo. Filamu ya 2007 ililibakiza jina, ikaligeuza kuwa sifa ya shujaa aliyejitoa mhanga. George Romero, aliyeanzisha ukoo wote wa filamu za wafu wanaotembea kwa Night of the Living Dead ya 1968, amekiri kwamba wazo alilitoa kwa Matheson. Matheson mwenyewe hakuwa na bahati na sinema. Filamu ya kwanza ya riwaya hii, The Last Man on Earth ya 1964, ilimkera kiasi cha kukataa jina lake liwekwe kwenye muswada alioshiriki kuuandika, na badala yake akatumia jina la bandia la Logan Swanson. Ya pili, The Omega Man ya 1971, ilimaliza kwa Charlton Heston akifa amenyoosha mikono kama aliyesulubiwa, baada ya kukabidhi chupa ya tiba yenye damu yake. Ukiutazama mwisho ule wa guruneti na kichupa cha damu, utaona umetoka huko, kwenye sinema, wala si kwenye kitabu.

Nani aliubadilisha? Jibu fupi ni watazamaji. Studio za Marekani huwa na desturi ya kualika watu wa kawaida waione filamu kabla haijatoka, kisha wajaze fomu. Mwisho wa kipepeo ulionyeshwa kwa watu hao na ukakataliwa. Lawrence amesema miaka mingi baadaye kwamba anakubali mwisho wa awali ndio ulio bora, na kwamba walipoujaribu ulipigwa chini vibaya. Si filamu ya kwanza kupatwa na hili. Fatal Attraction ya 1987 ilikuwa na mwisho ambamo mwanamke anajiua, watazamaji wa majaribio wakataka aadhibiwe, na Glenn Close akalazimika kupiga upya tukio alilokuwa akilipinga. Frank Oz alitumia mamilioni kutengeneza mwisho wa Little Shop of Horrors ambamo mimea inaimeza dunia, watu wakanuna, na kipande chote kikatupwa.

Ukweli ni kwamba nawaelewa wale waliojaza fomu. Ameketi mtu ukumbini, amemlilia mbwa, amemhurumia Neville saa nzima, na sasa anaambiwa kwamba mtu huyu aliyemhurumia ni muuaji. Hakuna anayependa kuambiwa hivyo akiwa na bisi mkononi. Vibandani kwetu sheria ilijulikana: steringi hauawi. Ajabu ya kesi hii ni kwamba watazamaji wa majaribio walikuwa tayari hata steringi afe, mradi afe akiwa na haki. Walikuwa tayari kumpoteza Will Smith, ila si kumwona akiomba msamaha kwa zimwi.

Na kwa hesabu za fedha hawakukosea. Filamu iliingiza dola milioni 77 Marekani mwishoni mwa wiki ya kwanza, rekodi ya mwezi wa Desemba kwa wakati huo, na kufikisha takriban milioni 585 duniani kote. Mtu wa studio akikuwekea karatasi hiyo mezani huna la kumjibu, isipokuwa kumuuliza ni watu wangapi hadi leo wanausimulia ule mwisho wa guruneti. Wanasimulia mbwa, wanasimulia jengo la giza, wanasimulia sanamu.

Mwaka huohuo, mwezi mmoja kabla, ilitoka filamu nyingine ya kutisha iliyokabiliwa na jaribu lilelile. Frank Darabont alikuwa akitengeneza The Mist kutoka hadithi ya Stephen King, na alikuwa ameipa mwisho mchungu kuliko wa King mwenyewe, mwisho ambao baada yake watu hutoka ukumbini bila kusemezana. Aliahidiwa fedha nyingi zaidi kama angeubadilisha. Alikataa, akaitengeneza kwa takriban dola milioni 18, na ukitazama vizuri utaona hata madude yake ya kompyuta ni ya bei ya chini. Haikuvuna hata robo ya ilichovuna I Am Legend. Lakini King aliusifu mwisho ule hadharani, na mtu akiitaja The Mist leo, anaanza na dakika zake tano za mwisho.

I Am Legend ilipata maisha mengine ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mwaka 2021, wakati wa kampeni za chanjo ya UVIKO-19, gazeti la New York Times liliandika kuhusu mfanyakazi mmoja aliyesita kuchanjwa kwa kuamini kwamba ni chanjo ndiyo iliyowageuza watu kuwa mazimwi kwenye filamu hii. Akiva Goldsman, mmoja wa waandishi wa muswada, alijibu mtandaoni kwa mshangao kwamba ni filamu tu na mambo yale aliyatunga. Angeweza kuongeza kwamba hata ndani ya filamu haikuwa chanjo, ilikuwa tiba ya saratani. Na tiba ya aina hiyo si ndoto: mwaka 2014 madaktari wa Mayo Clinic, Minnesota, waliripoti kumtibu mgonjwa wa saratani kwa kirusi cha surua kilichorekebishwa, na hali yake ikawa njema. Waliomuunda Dakta Krippin walikuwa wamesoma.

Sasa kuna habari ya filamu ya pili. Ilitangazwa mwaka 2022, Will Smith akirudi pamoja na Michael B. Jordan, na mwaka 2023 Goldsman alieleza itaanzia wapi: itafuata ule mwisho wa kwenye DVD, ambamo Neville yu hai. Kwa kifupi, guruneti halikulipuka. Studio iliyoutupa mwisho wa kipepeo kwa sababu hauuziki imegundua kwamba bila huo haina mtu wa kumweka kwenye bango. Kazi yao ya kwanza itakuwa kuwashawishi mamilioni ya watu waliomwona akiteketea kwamba walichokiona ukumbini hakikutokea. Kazi ya pili ni ngumu zaidi: kumwonyesha mtu aliyekwisha kuuona ukuta wa picha zake, na wale jamaa wa waliopigwa picha hizo, wakiishi katika dunia moja. Saa ya kwanza ya filamu ya 2007 inaonyesha kwamba kuna watu pale kwenye studio hiyo ya Warner Bros. waliokuwa na uwezo wa kuisimulia hadithi hiyo. Safari hii wawafiche wajaza fomu.